Tiketi ya SGR iliyomo ndani ya pakeji ya likizo: kagua haya kabla hujatuma hela

Shule zikikaribia kufungwa, makundi ya WhatsApp hapa Dodoma hujaa mabango ya pakeji: treni ya SGR, yaani reli ya kisasa ya Dodoma hadi Dar, kwenda na kurudi, boti, hoteli Unguja, chai ya asubuhi na chakula cha jioni, vyote kwa bei moja. Bango huwa na picha ya bahari na namba ya kulipia. Masharti ya tiketi ya treni hayamo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Hoteli utaongea na meneja mtaelewana. Treni ikifunga milango imefunga.

Kwanza jua wewe ni mteja wa nani. Ukikata tiketi mwenyewe kwenye mfumo wa Shirika la Reli (TRC) au dirishani, shirika linakutambua wewe. Kwenye pakeji, aliyejaza majina ni wakala, kontrol namba ya kulipia ilitoka kwa jina lake, malipo ameyafanya yeye na ujumbe umeingia kwenye simu yake. Kwa hiyo unabanwa na masharti ya pande mbili: ya shirika na ya wakala. Ya wakala mara nyingi ndiyo makali zaidi, maana anaongeza ya kwake: hakuna kubadili tarehe, hakuna kurudishiwa hela, na usipopanda treni ya kurudi hupunguziwi kitu. Muombe akutumie masharti hayo kwa maandishi kabla ya kulipa. Akijibu kwa sauti ya sekunde hamsini yenye "usijali bosi wangu", anza kujali.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo.

Tiketi ya SGR hutoka na jina la abiria, na jina hilo linatakiwa lifanane na la kwenye kitambulisho utakachoonesha: NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Hii ina maana mbili. Moja, tiketi si ya kumpa shemeji kwa sababu wewe umepata dharura ya kazi. Pili, aliyeandika jina vibaya amekukatia tiketi ya mtu mwingine. Sisi tulipokwenda likizo kwa pakeji, wakala wetu, ofisi yake ina kapeti na feni nzuri tu, alichukua majina kama yalivyokaa kwenye simu yake. Mke wangu akakatiwa tiketi ya "Mama Junior". Jirani tuliyesafiri naye akawa na jina lake la utani la mtaani. Tiketi zenyewe tulitumiwa usiku wa kuamkia safari, na asubuhi simu ya wakala ikawa haipatikani. Alipopatikana alisema mambo ya majina ni ya stesheni. Stesheni wakasema, kwa adabu kabisa, aliyekata ndiye wa kurekebisha. Mke wangu na jirani wakakata tiketi mpya kwa hela yao, na bahati nafasi zilikuwepo. Wikiendi ya Pasaka ungeisikia kwenye bomba.

Ili hilo lisikukute, usimtajie wakala majina kwa simu. Piga picha kila kitambulisho, mtumie, kisha andika chini majina yote kama yalivyo na umwambie ayakopi hivyo hivyo. Mtaje na umri wa kila mtoto, kwa sababu nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwaka 2024 zinampa mtoto wa zaidi ya miaka 4 hadi 12 nusu nauli, na wa chini ya hapo halipi nauli. Wakala akikukatia mwanao wa miaka 8 tiketi ya mtu mzima, tofauti hiyo haionekani kwenye bei ya jumla. Beba na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Halafu dai tiketi zenyewe, si ujumbe wa "booking imekamilika", walau siku kadhaa kabla. Zikifika soma jina, tarehe, muda wa kuondoka, behewa na kiti. Familia kutawanywa behewa tatu ni jambo la kawaida pale wakala anapokata tiketi za kundi kwa mafungu kadiri watu wanavyolipa.

Aina ya treni na daraja ni sehemu ya pili ya kusoma. Neno "SGR" kwenye bango halisemi kitu. Kuna treni ya kawaida na kuna ya haraka, kuna daraja la kawaida na yale ya juu, na nauli hazilingani. Tiketi ni ya treni iliyoandikwa, kwa muda ulioandikwa. Ukichelewa ya asubuhi usidhani utaingia tu ya jioni kwa sababu mahali ni palepale.

Wanaotoka Singida au Kondoa waangalie pia neno "stesheni ya Dodoma". Stesheni ya zamani ya reli ya kati iko katikati ya mji. Ya SGR, yaani ya Samia Suluhu Hassan, ni nyingine, na stendi ya mabasi iko kwingine kabisa, upande wa Nanenane. Panga muda wa bajaji au teksi, na kumbuka abiria wa SGR wanashauriwa kufika saa mbili kabla ya kuondoka. Basi la Singida halijui hilo.

Safari ya kurudi ina mtego wake. Boti na treni ni tiketi za kampuni mbili zisizojuana. Bahari ikichafuka na boti ikachelewa kutoka Unguja, treni ya Dodoma haitakusubiri, na wakala atakwambia hayo ni mambo ya hali ya hewa. Ukiona pakeji imeweka boti ya mchana na treni ya jioni hiyo hiyo, kataa. Omba boti ya kwanza asubuhi, au ulale Dar. Muulize pia, na ajibu kwa kuandika: boti ikinichelewesha, tiketi mpya ya treni analipa nani?

Kuhusu wakala mwenyewe sitasema mengi. Tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni, omba kuona leseni ya biashara ya utalii, lipia kwenye akaunti ya kampuni na uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akikuomba utume kwenye namba ya mdogo wake kwa sababu "akaunti ina shida leo", mwache na shida yake.

Ukishaumia, andika malalamiko kwa wakala kwanza, ukiambatisha risiti, bango na mazungumzo yenu. Usifute kitu kwenye simu. Kosa likiwa la huduma ya treni, ngazi inayofuata ni LATRA. Likiwa la wakala, kama kuuza kisichokuwepo au kuficha masharti, LATRA hawatakusaidia sana: peleka Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo inayoshughulikia ulaghai kwa walaji. Watu wengi huzungushwa miezi kwa kupeleka barua sahihi kwenye ofisi isiyo sahihi.

Na kabla ya yote hayo, fumua bei. Kwa nauli za 2024, watu wazima wawili na watoto wawili wa miaka 7 na 10, treni ya kawaida daraja la kawaida, Dodoma hadi Dar ni 31,000 mara mbili na 15,500 mara mbili. Jumla 93,000 kwenda, 186,000 kwenda na kurudi. Angalia nauli ya sasa, itoe kwenye bei ya pakeji, kisha muulize wakala atakuuzia hoteli na boti peke yake kwa shilingi ngapi. Wengine wanakubali. Akikubali, tiketi ya treni kata mwenyewe, kwa jina lako, ujumbe uingie kwenye simu yako.