Vitako vya visanamu vya vita: amua kabla ya kupaka rangi

Katika mchezo wa vita wa mezani, kitako ni kibao ambacho kisanamu cha askari hubandikwa juu yake; ndicho kinachoshikwa, kinachopimwa kwa rula na kinachogusana na cha adui. Ukikosea ukubwa wake, kubandua kisanamu chenye kimo cha milimita 28 kilichokwisha pakwa rangi mara nyingi humaanisha kuvunja vifundo vya miguu. Kwa hiyo chagua kitako kabla ya kununua jeshi zima. Tuchukue mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kama mfano.

Anza na hesabu: kisanamu kimoja kinasimama badala ya watu wangapi? Waingereza walileta Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India; upande wa Wajerumani, kamanda wao Lettow-Vorbeck alikuwa na wapatao 1,000. Kwa kisanamu 1 kwa watu 20, unahitaji 400 dhidi ya 50. Ukiwabandika wanne wanne juu ya vitako vya mm 40 kwa 40, Waingereza wanakuwa na vitako 100, na vikipangwa safu moja vinakula mita 4. Meza yenye urefu wa sm 180 haitoshi. Panda hadi 1 kwa 50: visanamu 160, vitako 40, mita 1 na sm 60. Hapo safu inaenea. Lakini kombania ya askari 200 sasa ni kitako kimoja tu, kwa hiyo huwezi kuondoa kisanamu kila mtu anapoanguka. Hasara itahesabiwa kwa dadu ndogo iliyokaa nyuma ya kitako. Achia nafasi ya mm 10 kwa ajili yake tangu mwanzo.

Kama unataka mapambano madogo, mathalani doria za Wajerumani zilizokuwa zikienda kulipua reli ya Uganda, kisanamu kimoja ni mtu mmoja, na kitako cha duara cha mm 25 ndicho sahihi. Kinageuka upande wowote na kinaingia kati ya vichaka. Bombomu na watu wake wawili au watatu wanataka duara la mm 50 au mstatili wa mm 60 kwa 40.

Kwa anayetaka yote mawili, njia tunayoipendelea ni washa (pete bapa za kuwekwa chini ya nati) za chuma zenye kipenyo cha mm 25, zile pana za duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na trei ya kusogezea yenye matundu. Tundu liwe la mm 26, si 25, kwa sababu rangi na mchanga wa pembeni huongeza unene. Bandika karatasi ya sumaku chini ya trei na ndani ya sanduku. Ziba tundu la washa kwa kipande cha karatasi ngumu kabla ya kubandika kisanamu. Kabla ya yote, muulize mwenzako wa kucheza naye: vitako vyenu vikitofautiana upana, ugomvi wa nani amegusana na nani hautaisha.

Kwa kitako cha pamoja, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 2 inafaa hadi upana wa mm 40. Zaidi ya hapo tumia mm 3, maana gundi ya maji ikikauka huvuta upande wa juu na kitako kinajikunja kama ganda la mkate. Kupaka rangi pande zote mbili kabla ya gundi hupunguza tatizo.

Paka rangi visanamu kwanza, kila kimoja kikiwa kimeshikizwa juu ya kizibo cha soda. Brashi haifiki katikati ya wanne waliokwisha bandikwa. Kwaruza chini ya miguu kwa msasa, tia tone moja la supa gluu, na urudishe visanamu nyuma ya ukingo. Jaribu kwanza bila gundi: sukuma vitako viwili vikabiliane. Beneti zikigongana, geuza wenye beneti wakae mshazari. Pwani, hewa ya unyevu huifanya supa gluu ishike upesi na kuacha ukungu mweupe kwenye rangi, hasa ukifunika sanduku mapema. Acha wazi usiku mzima.

Kibati cha miguuni, kile kisahani kilichoungana na miguu ya kisanamu, kisionekane kama ngazi. Jaza puti ya ukutani hadi usawa wake, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na umwage mchanga uliochujwa kwa chujio la chai. Chembe ya mm 1 katika kipimo hiki ni jiwe la karibu sm 5 na nusu. Chembe nyingi za namna hiyo zitafanya askari aonekane amesimama kwenye kokoto za barabara. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara tatu. Chumvi ikibaki, baada ya muda hutokeza weupe juu ya rangi.

Rangi ya vitako iwe moja kwa jeshi lote. Udongo mwekundu wa Taita unapendeza kwa mapigano ya kilima cha Salaita, 1916, lakini askari haohao wakipelekwa kwenye minazi ya Tanga watashangaza. Kahawia ya wastani, kisha rangi ya mchanga iliyopitishwa juu kwa brashi karibu kavu, inafaa kote. Nyasi bandia za mm 4 ni sawa na nyasi za sm 22. Weka vishungi viwili au vitatu, usifunike udongo wote.

Mwisho tengeneza kitako kimoja cha duara cha mm 40 chenye mnazi na mzinga wa nyuki. Nyuki waliwashambulia wapiganaji Tanga, kwa hiyo alama hiyo ina kazi ya kweli mezani. Chini ya kila kitako andika namba ya kombania kwa kalamu ya wino usiofutika.