Kisu cha kukunja cha mfukoni: anza na loki, urembo baadae

Nina kovu kwenye kidole cha shahada mkono wa kulia, nililipata kwa kisu cha elfu tano nilichonunua barabarani hapa hapa Dodoma mjini, kisu kizuri kweli, cheusi, kina picha ya fuvu na sehemu ya kufungulia soda. Siku ya tatu niko shamba Hombolo natoboa mpira wa maji, nikakandamiza ncha, kisu kikajikunja chenyewe na kidole kikiwa humo humo ndani. Kumbe ile loki, kile kidude cha kuzuia kisu kisijikunje, ilikuwa kibati tu kimewekwa kama pambo. Kwahiyo mtu akiniuliza anunue kisu gani cha kutembea nacho kila siku namwambia angalia loki kwanza, fuvu utachora mwenyewe na maka peni.

Sasa loki ziko za aina kama nne hivi utakazokutana nazo. Kuna visu havina loki kabisa, ni springi tu inashikilia bapa (lile lenye makali) lisifunguke ovyo, vile vyekundu vya Victorinox vya kawaida vya sentimita 9 viko hivyo, havina shida kwa kumenya embe au kukata kamba ila usichome wala kutoboa navyo kitu. Alafu kuna vyenye kibati ndani ya mpini, ukifungua bapa kile kibati kinaruka kinakaa nyuma yake, hivi ndio vimejaa madukani. Kuna vyenye loki ya mgongoni, unabonyeza nyuma ya mpini ndio kinakunjika, hii mimi naipenda kwasababu vidole vyako haviko kwenye njia ya bapa wakati unafunga. Na kuna ile ya pete kama Opinel ya Ufaransa, unazungusha pete shingoni basi, kampuni ilianza 1890 ila pete yenyewe wameiweka 1955, mtu yeyote anaelewa inavyofanya kazi hata bibi yako kule Mpwapwa.

Kwenye hiyo ya kibati, kabla hujatoa hela fungua kisu alafu angalia kibati kimekaa wapi. Kama kimegusa ukingo tu wa mzizi wa bapa, pale linapoingia kwenye mpini, rudisha. Kama kimeingia vizuri nyuma yake sawa. Kifungue na kukifunga kama mara kumi, maana kuna vinavyoshika mara nane vikateleza mara mbili na hizo mbili ndio zenye kovu langu. Kisha shika mpini, bapa lisukume kushoto kulia kwa vidole, likicheza hapo dukani kikiwa kipya ujue baada ya mwezi litakuwa linatikisika kama jino bovu. Mwisho weka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao ukandamize taratibu, vidole viwe mbali na pale bapa linapoingilia, loki isiachie. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda kwa mwingine, majibu umeshapata.

Ukubwa usikusumbue sana, bapa la sentimita 7 mpaka 9 linamaliza kazi zote za mtu wa kawaida, kufungua maboksi, kukata kamba ya gunia, kuchuna waya, kukata nyama pale mnadani Msalato wakati mnasubiriana na kisu kimoja cha mwenye jiko. Opinel namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na mfukoni huisikii. Kikubwa zaidi ya hapo ni cha kuonyesha watu. Na ukiona video za Waingereza wanasifia vidogo visivyo na loki usidhani ndio bora, ni sheria ya kwao, cha kukunja cha kutembea nacho bila sababu maalum kisiwe na loki na makali yasizidi inchi 3.

Tuje kwenye chuma, hapa ndio watu wanadanganywa. Muuzaji atakwambia weka sumaku, ikishika sio stenlesi. Sio kweli bana, hiyo ni habari ya masufuria. Chuma cha stenlesi cha kisu karibu chote kinashikwa na sumaku, kwahiyo hicho kipimo hakikwambii kitu. Angalia maandishi kwenye bapa. Kikiandikwa stenlesi tu bila namba ya aina ya chuma, tegemea chuma laini, kitanoleka haraka na kitakuwa butu haraka. 420 ni laini ila hakishiki kutu kirahisi. 440 bila herufi mara nyingi ni 440A, ile 440C ndio ina kaboni nyingi na inakaa na makali zaidi. 8Cr13MoV ya Mchina kwa bei yake ni nzuri sana, mimi natembea nayo. D2 inashika makali muda mrefu ila kuinoa ni kazi na inaweza kupata madoa ya kutu, maana kromiamu, ile inayozuia kutu, ipo kama asilimia 12 lakini nyingi imefungwa ndani ya chembe ngumu za chuma.

Kuhusu kutu, huku kwetu tuna nafuu, Dodoma hewa ni kavu, mvua ni kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili hivi basi, mtu wa Dar mwenye hewa ya chumvi ndio ahangaike. Hata chuma cha kaboni kisicho stenlesi huku kinaishi vizuri ukikifuta, ila ukikata zabibu, ndimu au ukwaju ukakikunja na maji yake, kesho kimeshakuwa cheusi. Adui wa huku ni vumbi. Mwezi wa nane upepo ukianza vumbi linaingia kwenye kiungo, kisu kinakuwa kama kinasaga mchanga. Chukua mswaki wa zamani, sugua, kausha, tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja! Ukimwaga unatengeneza tope, na mafuta ya kula usiweke kabisa yanaganda kama gundi. Kwa hiyo hiyo sababu nunua kisu chenye skrubu zinazofunguka, vile vilivyopigwa ribiti huwezi kukaza wala kusafisha ndani.

Mpini, ushike kwa mkono wenye jasho uone kama unateleza. Wa mbao ni mzuri ila ukilowa unavimba, kisu kinakuwa kigumu kufungua. Kama ni mashoto kama mdogo wangu angalia kama klipu ya kushikiza kisu mfukoni inahamishika upande wa pili.

Kunoa, usimpe yule wa jiwe la kuzungusha bila maji, akikipasha moto mpaka kikageuka rangi ya bluu ule ugumu umeondoka haurudi. Jiwe la kunolea la maji linatosha. Inua mgongo wa bapa kama theluthi moja ya upana wake, hapo uko karibu nyuzi 20, piga pande zote sawa sawa. Huna jiwe, pindua kikombe cha kauri, ule mduara mkavu wa chini usio na rangi unanoa vizuri.

Na usiwe nacho ukienda uwanja wa ndege, mahakamani au ukiwa na shughuli bungeni, watakichukua getini na hutakiona tena. Cha kwangu cha kwanza cha maana kiliishia hivyo, nilisahau tu kwamba kiko mfukoni.