Kabla hujabeba bodi kwenda kusefu pwani yetu: kusi, kaskazi na maji

Swali linaloulizwa kila mara ni mwezi gani mzuri wa kuja kusefu, yaani kuteleza na bodi juu ya mawimbi, huku pwani, na jibu la haraka lipo, kusi, upepo wa kutoka kusini, inapiga kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, ni Desemba mpaka mwanzo wa Machi, hapo katikati kuna masika na maleleji, upepo haueleweki. Ila ukishika hilo tu ukapanga safari unaweza kujikuta umekaa mchangani unaangalia mwamba mkavu, maana pwani hii kuanzia Kenya mpaka mashariki ya Unguja sehemu kubwa imezungukwa na matumbawe, wimbi linavunjikia huko nje, huku ndani linafika povu tu. Kwahiyo mi nasema anza na maji, upepo baadae.

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu za hapo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, wakati maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, inakuwa kama mita 1 na kidogo. Saa zake wala hazisumbui kukariri, bamvua yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yameshatoka yote, halafu kila siku inasogea mbele karibu dakika 50. Maji mafu ni kinyume chake. Sasa we nenda Paje, mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi siku ya bamvua uone, bahari imekimbia huko, akina mama wako kwenye mashamba ya mwani, vigingi vimesimama mistari mistari na kamba zimefungwa kigingi hadi kigingi. Maji yakirudi zile kamba huzioni tena, na mapezi ya bodi yakinasa pale unaruka wewe na unakata mwani wa mtu, jasho lake la wiki kadhaa. Pita ukiwa umeyajua yalipo.

Wa kaiti, yule anayevutwa na tiara kubwa akiwa juu ya bodi, ana raha kidogo, Diani ya Kenya na Paje anapata misimu yote miwili, kusi ina nguvu na bahari inachafuka, kaskazi ni laini na mara nyingi inakolea mchana. Anayetaka mawimbi ya bodi tupu ndo achague vizuri. Mi ningemwambia Malindi ya Kenya, Julai na Agosti. Mto Sabaki unamwaga tope pale kaskazini ya mji na matumbawe hayapendi tope, ndo maana ghuba iko wazi na wimbi la kusi linaingia mpaka ufukweni. Usitegemee mawimbi ya picha za Hawaii lakini, haya ni mawimbi ya upepo, mafupi, yanakuja yamebanana. Na mvua zikinyesha bara maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, huoni kilicho chini, hapo mi siingii.

Kitu cha kuogopa zaidi kwa maoni yangu ni mlango, ile nafasi kwenye mwamba wanapopita wavuvi. Maji yakitoka yote yanakimbilia hapo na kama uko karibu unaondoka nayo, kwahiyo uliza mlango uko wapi kabla ya kuingia na ukishavutwa usipigane na mkondo, ng'ang'ania bodi yako, kata kwa pembeni mpaka utoke kwenye njia yake. Utabiri nao soma, TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, huwa wanatoa angalizo la upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2, na ukikuta ngalawa zote zimevutwa juu na wavuvi wamekaa wanashona nyavu basi hata simu huna haja ya kufungua. Kuna wanaosema vimbunga haviji huku, lakini kimbunga Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia Mei 2024.

Vifaa sio vingi, fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya jua, kamba ya mguuni uikague isiwe imechanika, na viatu vya raba hata kama unaona aibu, wale wanyama wadogo wa baharini wa miiba myeusi wamejaa kwenye mawe na mwiba wake ukikatikia kwenye nyayo safari yako imegeuka ya kukaa kivulini. Kama ni eneo la hifadhi ya bahari, ulizia kiingilio na sheria zao siku moja kabla, sio ukiwa umeshalowa.