Namna ya Kufuatilia Asili ya Dhahabu na Vito Kabla ya Kuviuza

Dhahabu ikishayeyushwa haina kumbukumbu. Bangili ya urithi, punje zilizotoka katika shimo la mchimbaji mdogo na mkufu ulioibwa huingia katika chungu kimoja, na tofali linalotoka humo halionyeshi dalili yoyote ya asili zake. Ndiyo maana kazi ya uwajibikaji katika usonara hufanyika kabla ya moto kuwashwa, kwa maswali na maandishi. Mwenye duka anayesubiri mteja aulize ndipo aanze kutafuta majibu huwa amekwisha kuchelewa.

Anza kwa kufungua daftari, liwe la karatasi au la kompyuta, lenye ukurasa wake kwa kila mzigo unaonunua. Andika jina la muuzaji na la mmiliki halisi wa biashara yake, nchi ambako madini yalichimbwa, kiwanda kilichoyasafisha, uzito, karati, tarehe na njia ya malipo. Malipo ya taslimu yaangaliwe kwa makini zaidi: viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, vinawataka wafanyabiashara wa madini ya thamani na vito wamtambue mteja katika muamala wa taslimu unaofikia dola za Marekani au yuro 15,000.

Kwa upande wa dhahabu, swali lenye faida kubwa kuliko yote ni hili: ilisafishwa wapi? Machimbo ni mengi mno na maduka vilevile, lakini viwanda vikubwa vya kusafishia dhahabu ni vichache, na hapo katikati ndipo mali inapoweza kukaguliwa. Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, kuhusu madini yanayotoka katika maeneo ya migogoro, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2011, unaelekeza ukaguzi wa nje ufanyike hasa katika hatua hiyo. LBMA, chombo kinachosimamia soko la dhahabu la London, hukitaka kila kiwanda kilichomo katika orodha yake kikaguliwe kuhusu asili ya dhahabu kinayopokea. Muuzaji asipoweza kukutajia kiwanda, au akikutajia kingine kila unapomuuliza, usinunue.

Usiridhike pia na jibu kwamba dhahabu ni ya kurejelezwa. Jibu hilo linapendwa kwa sababu linaonekana kufunga mjadala, ilhali dhahabu iliyochimbwa jana huweza kumiminwa katika umbo la bangili na kuuzwa kama chakavu. Itazame mali yenyewe. Mapambo yaliyowahi kuvaliwa huwa na mikwaruzo, kifungo kilicholegea, mahali palipolehemiwa upya na alama ya karati iliyofifia. Fungu la bangili nzito zinazofanana, zisizo na alama wala dalili ya kuvaliwa, lina historia ambayo hujaelezwa.

Almasi zina utaratibu wao, na hapa watu wengi huudai utaratibu huo mambo ambayo haukuahidi. Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa vyeti ulioanza kutumika mwaka 2003, unahusu almasi ghafi, na unalenga zile zinazofadhili makundi ya waasi yanayopigana na serikali halali. Hauulizi mishahara ya wachimbaji, ajira ya watoto, wala ukatili unaofanywa na askari wa serikali yenyewe. Global Witness, shirika lililokuwa mstari wa mbele kudai utaratibu huo uundwe, lilijitoa mwaka 2011. Basi ukisoma kwenye ankara kwamba almasi hazitokani na migogoro, elewa kwamba muuzaji ametoa tamko kuhusu jambo hilo moja. Mengine yaulize na uombe uthibitisho wa maandishi. Vito vya rangi kama yakuti na zumaridi havina hata cheti cha aina hiyo, kwa hiyo maswali yako yanabeba uzito wote.

Njia nyepesi ingekuwa kuwakwepa wachimbaji wadogo kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo njia mbaya. Ni kweli kwamba wengi wao hukamatisha dhahabu kwa zebaki kisha huichoma, na mvuke wake huwadhuru wao na familia zao. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi hayo na kuyakomesha inapowezekana. Lakini mnunuzi mwadilifu akiondoka, anayebaki ni mlanguzi. Nunua kupitia vikundi vilivyothibitishwa na mifumo kama Fairmined au Fairtrade, ambayo huongeza malipo juu ya bei ya madini kwa manufaa ya wachimbaji. Kama huwezi kununua yote huko, anza na sehemu, na usiitangaze sehemu hiyo kana kwamba ndiyo duka zima.

Karakana yako nayo ikaguliwe. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu bila tiba, hivyo mawe yakatwe kwa maji na hewa chafu ivutwe nje. Lehemu yenye kadimiamu, metali yenye sumu, iondolewe mezani.

Hatua ya mwisho ni kumwambia mteja kitu alichonunua. Chukua mfano wa yakuti nyekundu iliyojazwa kioo chenye risasi ili nyufa zake zisionekane. Chini ya lenzi ya kukuza mara kumi utaona viputo na mimweko ya buluu ndani ya nyufa. Mteja haoni chochote. Siku atakapoipeleka pete kwa fundi ikapanuliwe, moto au tindikali utakiharibu kile kioo, na hata maji ya limau yanatosha kukichubua. Muuzaji aliyenyamaza amemuuzia hasara iliyocheleweshwa. Almasi ya maabara ni kaboni kama ile ya ardhini, na jicho peke yake haliwezi kuzitenganisha, kwa hiyo neno «maabara» liandikwe kwa herufi zenye ukubwa uleule kama neno «almasi».

Kadi ya pete inaweza kusomeka hivi: «Dhahabu karati 18 (750), kiwanda cha kusafishia kimeandikwa kwenye risiti. Yakuti samawi, imepashwa moto kuboresha rangi. Nchi ya uchimbaji wa kito: haijulikani.» Wauzaji wengi huliogopa neno hilo la mwisho, wakaweka mahali pake jina la nchi yenye sifa nzuri. Liache libaki hadi siku muuzaji wako atakapokuletea karatasi inayolibadilisha.