Jinsi ya Kukusanya Maoni ya Wasikilizaji kuhusu Vipokea Sauti vya Masikioni: Mkao Kwanza, Mlio Baadaye

Nina kibanda cha kuuza na kutengeneza vifaa vya sauti katikati ya Kampala, na kabla ya hapo nilisimamia mitambo ya sauti ya kwaya. Kabla sijaagiza mzigo wa vipokea sauti vya masikioni, vile vinavyoingia ndani ya tundu la sikio na ambavyo wateja wangu huviita iafoni tu, huwaita watu watano au sita wavisikilize na kunieleza wanachokisikia. Utaratibu nitakaoueleza hapa niliupata kwa hasara. Wakati fulani wasikilizaji watatu waliniambia kwamba aina fulani haikuwa na besi hata kidogo, nami nikauza katoni nzima kwa bei ya kutupa. Baada ya miezi miwili niligundua kwamba vipira, yaani vifuniko laini vya ncha inayoingia sikioni, vilivyovishwa kiwandani vilikuwa vidogo mno kwa masikio yao, na kwamba kifaa kilekile kikivishwa vipira vikubwa zaidi kilikuwa na besi ya kutosha. Tangu hapo siandiki neno lolote kuhusu mlio kabla sijaridhika na mkao, yaani jinsi kifaa kinavyokaa na kuziba sikioni.

Hatua ya 1: Andaa vitu vyako

Utahitaji simu moja itakayotumika kwa wasikilizaji wote, vipira vya silikoni vya saizi tatu, jozi chache za vipira vya sponji, kitambaa safi, spiriti ya kufutia na daftari. Vipira vya silikoni vifutwe au vioshwe kila vinapotoka sikio moja kwenda jingine, lakini vya sponji visishirikiwe, kwa sababu havisafishiki vizuri. Mtu mwenye maumivu au usaha sikioni mwombe kwa upole aje siku nyingine. Angalia pia wavu mdogo ulio kwenye mdomo wa kila kifaa, kwa maana nta ya sikio ikiuziba, upande mmoja utasikika hafifu na lawama zitamwangukia mtengenezaji bure. Brashi laini iliyo kavu inatosha.

Hatua ya 2: Hakikisha mkao, sikio moja baada ya jingine

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, nao haukunyooka, bali umepinda kidogo. Ili kipokea sauti kiingie vizuri, mwelekeze msikilizaji apitishe mkono mmoja nyuma ya kichwa, avute sikio kwa upole kwenda juu na nyuma, kisha kwa mkono mwingine akiingize kifaa huku akikizungusha kidogo. Akiachia sikio, mfereji hukishika kifaa wenyewe. Kipira cha sponji kibinywe kwanza kati ya vidole hadi kiwe chembamba, kiingizwe, kisha kishikiliwe kwa nusu dakika hivi hadi kitanuke. Wengi hukiachia mapema, nacho hutanukia nje ya tundu.

Sababu ya uangalifu huu ni hewa. Kispika kilicho ndani ya kifaa ni kidogo sana, na kinaweza kutoa besi kwa sababu tu kinasukuma hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na mwanya, hata mwembamba, mgandamizo wa masafa ya chini huvuja kupitia hapo, na kinachobaki ni sauti za kati na za juu, ambazo sasa zitasikika kali kuliko zilivyo. Kwa hiyo malalamiko mawili yanayoonekana kuwa tofauti, kwamba kifaa hakina besi na kwamba kinachoma masikio, mara nyingi yana chanzo kimoja.

Kuna majaribio mawili ninayoyaamini. La kwanza ni kumwomba msikilizaji avume kwa mdomo uliofungwa, mmm, kwa sekunde kadhaa: sikio lililozibwa vizuri huifanya sauti yake mwenyewe ivume ndani ya kichwa, na ikiwa inavuma upande mmoja tu, ule mwingine unavuja. La pili ni kupiga mlio mmoja mzito wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na kumwambia abonyeze kifaa kidogo kuelekea ndani. Besi ikiongezeka anapobonyeza, badilisha kipira. Usishangae ukimaliza na kipira cha kati kulia na kikubwa kushoto, maana masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane.

Afande mmoja mstaafu kutoka Bombo alinitazama kwa mashaka nilipomvisha saizi mbili tofauti.

"Kijana, unanivalisha viatu visivyofanana?"

"Afande, nivumilie kidogo. Vuma tena kama mwanzo."

Alivuma, akanyamaza, akavuma tena, kisha akaniambia niongeze sauti ya ngoma.

Usimruhusu mtu alazimishe kipira kikubwa kwa kuwa tu kinaziba. Kikianza kuuma ndani ya dakika chache, hakifai, hata kama besi yake ni tamu. Waya nao uzungushwe juu ya sikio pale umbo la kifaa linaporuhusu, kwa sababu waya unaoning'inia na kukwaruza nguo hupeleka kelele moja kwa moja ndani ya sikio lililozibwa.

Hatua ya 3: Sawazisha ukubwa wa sauti

Ukilinganisha vifaa viwili, kile chenye sauti kubwa kidogo ndicho kitakachosifiwa, hata kama msikilizaji hajatambua kwamba sauti yake ni kubwa zaidi. Isitoshe, watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti inaposhushwa, sikio hupoteza besi kwa haraka zaidi kuliko sauti za kati, kwa hiyo kifaa kilichowekwa sauti ya chini husikika pia kana kwamba kimepungukiwa na besi.

Mimi hutumia kipande kifupi cha mpira laini wa bomba, chenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Upande mmoja huingiza kipokea sauti, upande wa pili huukaza kwenye maikrofoni ya simu nyingine yenye programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kisha hupiga mlio wa hezi 1,000 na kuandika kila kifaa kinahitaji sauti ya simu iwe wapi ili kipimo kiwe kilekile. Namba hizo si vipimo vya maabara na hazifai kutangazwa. Kazi yake ni kulinganisha tu. Weka kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ukomo wa usalama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu.

Hatua ya 4: Chagua vya kusikiliza

Rekodi tatu au nne zinatosha, mradi kila moja iwe na swali lake. Kwa besi natumia rekodi ya ngoma yenye engalabi, ile ndefu ya Buganda iliyowambwa ngozi ya kenge, kwa sababu pigo lake lina mshindo wa kiganja na mvumo wa mti kwa pamoja. Kifaa chenye besi iliyozidi huuacha mvumo na kuumeza mshindo.

Kwa uwazi, sijapata kitu kinachoishinda amadinda, marimba ya Buganda. Ina mbao 12 na hupigwa na watu watatu: wawili hupishana, kila mmoja akijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, naye wa tatu hushughulikia mbao mbili za juu. Kwenye kifaa kizuri utaweza kumfuata mpigaji mmoja ukitaka, na kwenye kibaya wote hugeuka mvua juu ya bati.

Kwa sauti za juu, jirekodi mwenyewe ukisoma sentensi iliyojaa s na sh. Yangu ni hii: "Shangazi alisafisha sahani sita za shaba asubuhi." Herufi hizo zina nguvu nyingi kwenye masafa ya juu, hasa s kati ya hezi 5,000 na 8,000, na kifaa kilichokolezwa hapo kitakufanya ukunje uso kabla shangazi hajafika kwenye sahani ya sita.

Hatua ya 5: Uliza, kisha unyamaze

Wasikilizaji wasikae pamoja. Nilijaribu kuwaweka sita kwenye benchi moja, na mzee aliposema kifaa ni kizuri, hakuna kijana aliyethubutu kusema vingine. Sasa huwaita mmoja mmoja, sitaji bei, na chapa naifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Vifaa visizidi vitatu kwa kikao kimoja, na mpangilio wake ubadilike kwa kila mtu.

Usimpe msikilizaji maneno. Ukimwuliza kama besi ni nzito, atakubali. Mwulize ni wapi kwenye wimbo alisikia jambo la kumfurahisha au kumuudhi, na uandike maneno yake jinsi yalivyotoka, yawe ya Kiswahili au ya Kiluganda. Baadaye utayatafsiri: "imefunikwa blanketi" kwa kawaida humaanisha sauti za juu ni chache au besi imepanda juu ya sauti za waimbaji, "redio ndani ya debe" humaanisha sauti za kati zimetokeza huku besi na sauti za juu zikiwa zimepungua, na "inatoboa" huelekeza kwenye eneo la shangazi na sahani zake.

Hatua ya 6: Mpe muda na mwendo

Mkao wa dakika tano haufanani na wa saa nzima. Mwambie atembee, apande ngazi, atafune karanga, kwa kuwa taya linapocheza umbo la mfereji hubadilika, na kipira kilichokuwa kikiziba hufunguka. Ukiweza, mwazime kifaa kwa wiki moja, kwa sharti kwamba hatakivaa akiendesha boda boda. Akirudi amekipenda zaidi, uwezekano mkubwa ni kwamba masikio yake ndiyo yaliyozoea, nami sidhani kifaa kilibadilika sana.

Hatua ya 7: Andika ukurasa mmoja kwa kila msikilizaji

Juu kabisa andika saizi ya kipira cha kulia na cha kushoto, matokeo ya jaribio la kuvuma, na dakika alizovumilia kabla ya kuhisi maumivu. Mlio uje chini yake. Usitafute wastani wa watu sita. Kama wawili walisema inatoboa na wanne hawakulalamika, andika hivyo hivyo, kisha rudi kwenye mistari ya juu uone hao wawili walivaa vipira gani. Afande wa Bombo aliporudi baada ya wiki, ukurasa wake ulikuwa na mstari mmoja tu wa kuongeza: kipira cha kushoto kilidondokea kwenye teksi, naye akavisha kidogo alichokikuta nyumbani, ndiyo maana besi ilihama upande.