Kingamwili ya PSD-95 na umeme unaokatika

Kwa wenzetu wa maabara za Mtwara na Lindi mnaopima PSD-95, protini inayoshikilia vipokezi vya glutamati kwenye sinapsi (maungio ya seli za neva): kichupa cha kingamwili kikifika, kizungusheni kwenye sentrifuji sekunde chache, kisha gaweni kwenye vichupa vidogo, angalau mikrolita 10 kila kimoja. Chini ya hapo nyingi hunata ukutani au hukauka. Friza iwe ya nyuzi −20 isiyojiyeyusha barafu yenyewe, kwani ile inayojiyeyusha hupasha na kugandisha tena na tena hadi kingamwili ishikane mabonge. Kingamwili yenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi −20, hivyo umeme ukikatika saa kadhaa, boksi la barafu linatosha, hata barafu ya samaki. Isiyo na gliseroli ikishayeyuka msiigandishe tena. Iwekeni nyuzi 4 pamoja na sodiamu azaidi, kizuia vijidudu, asilimia 0.02. Angalieni tu, azaidi huzima peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa ishara, kwa hiyo isifike kwenye kingamwili ya pili iliyounganishwa nacho.

Na kwenye bloti (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili), mkanda usipotokea karibu na kilodaltoni 95, msianze kulaumu kingamwili. Protini hii haiyeyuki vizuri kwa Triton X-100, sabuni laini, pekee, hubaki kwenye mashapo mliyotupa. Kwa bloti, yeyusheni tishu kwa SDS, sabuni kali, asilimia 1.