Namna ya Kuupata Utamu wa Gemu za Zamani za Kuruka na Gemu za Kurushiana Risasi kwa Timu

Vijana wengi wanaoingia katika vibanda vya gemu hapa Mtwara, kuanzia Magomeni hadi Chuno, hukimbilia gemu za kurushiana risasi siku ya kwanza, wakauawa mara kumi bila kujua risasi zimetoka wapi, kisha wakaondoka wakisema kwamba gemu hizo hazina ladha. Ushauri wangu ni kuanza na gemu ya zamani ya kuruka, kwa sababu humzoesha mchezaji kujiuliza, kila anapokufa, amekosea wapi.

Chukua Super Mario Bros., iliyotolewa na Nintendo mwaka 1985, na usiwe na haraka. Mwanzoni kabisa adui mdogo wa kahawia anakujia kutoka kulia, na akikugusa ukiwa bado mdogo unakufa. Hakuna maandishi yanayokueleza la kufanya. Unajaribu kuruka, unamvuka au unamkanyaga, na tayari umefundishwa. Mbunifu wa gemu hiyo, Shigeru Miyamoto, na wenzake waliipanga hatua hiyo ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, na mimi sijaona mwalimu mpole kuliko huyo adui wa kwanza.

Baada ya hapo, tumia dakika kumi kukichunguza kitufe cha kuruka peke yake. Ukikigusa tu, Mario anaruka kidogo. Ukikishikilia, anapanda zaidi. Ukianza kwa mbio, anafika juu na mbali zaidi, na hata akiwa hewani unaweza kumrudisha nyuma kidogo ili atue unapotaka. Utamu wote umo humo, yaani kidole na mwili wa mhusika kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo, ikiwa unatumia televisheni bapa, washa mpangilio wake wa gemu ili kitufe kisichelewe kuitikia. Zile za chogo hazina tatizo hilo, na ukiipata iliyo nzima, itunze.

Ukishazoea kukubali kosa lako, hamia kwenye timu. Katika Counter-Strike, gemu ya kurushiana risasi ambamo timu moja hutega bomu na nyingine hujaribu kulizuia au kulitegua, watano hupambana na watano, na katika mtindo wake wa kawaida anayeuawa hasubiri sekunde chache arudi, bali huketi hadi raundi iishe. Kusubiri huko ndiko kunakoipa kila hatua uzito. Kutegua bomu huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa cha kutegulia, hivyo mteguaji anahitaji mwenzake wa kumlinda. Kabla ya kuanza, kubalianeni majina ya kona zote; sisi huziita ghalani, bandarini na sokoni, na mtu akisema “wawili ghalani” hakuna anayeuliza ni wapi.

Asiye na shabaha asikate tamaa. Team Fortress 2, gemu nyingine ya kurushiana risasi kwa timu, ya mwaka 2007, ina aina tisa za wapiganaji, na mmoja wao ni tabibu ambaye kazi yake kubwa ni kuwaponya wenzake. Akishajaza nguvu zake, yeye na mwenzake mmoja hawadhuriki kwa sekunde 8. Mpe mgeni nafasi hiyo, mwambie amfuate mchezaji mzoefu mmoja tu, na amtaarifu kwa sauti kabla ya kuzifungua sekunde hizo.